Mkanda Ambao Sijauvaa

Mbuya, alasiri

Mwanangu Rehema,

Sikuulizi hali, maana nimekuona saa nane ukitoka mlangoni, mzima, umechelewa kama kawaida yako, ukienda Kibuli kumuaga mama yako mdogo na kusukwa nywele. Kusukwa kwenu ni kazi ya muda wa saa tano, kwa hiyo ninao muda. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako la mkononi, chini ya pasipoti. Naomba usiifungue mpaka ndege iwe imeruka. Ukiifungua hapa nyumbani utanitazama, nami sijui nitakutazama kwa uso gani.

Mambo ya kula vizuri, kusali na kutowaamini watu wa kwenye simu, mama yako mdogo atakuwa amekwisha kukuambia, na kesho uwanja wa ndege atayarudia yote tangu mwanzo. Mimi nataka kujibu swali moja tu, lile uliloniuliza siku ya Idi: kwa nini sijavaa mkanda ulioninunulia.

Mkanda ni mzuri. Ni ngozi kweli, na chuma chake kinang'aa mpaka mtu anaona meno yake. Nilisema ahsante, nikaurudisha kwenye karatasi yake, na kesho yake ukanikuta nimefunga suruali kwa kamba ya katani kama siku zote. Ulicheka. Ulisema sajini mstaafu anajifunga kama gunia la mahindi. Halafu ukaacha kucheka, ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Niliona umeumia, nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ninayoiweza kuliko hata ile niliyolipwa pensheni.

Nianze na miguu ya mama yako.

Nilipomuoa, nilikuwa kijana wa Kiacholi, Mkatoliki, ninaongea Kiswahili cha kambini. Yeye alizaliwa Kibuli, kwa watu ambao mababu zao walikuja na bidhaa kutoka pwani wakasahau kurudi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alinisahihisha mpaka nikaogopa kuomba chumvi. Kama barua hii inasomeka, ni kazi yake. Alikuwa na miguu mizuri, nami nilikuwa namwambia hivyo.

Alipokuwa na mimba yako, mishipa ikaanza kutokea. Kwanza nyuzi nyembamba za buluu na nyekundu nyuma ya goti, kisha mmoja mnene ukateremka kwenye kigimbi, umejikunjakunja. Ulipozaliwa ilipungua kidogo, lakini haikuondoka. Na kazi yake unaijua. Alisimama soko la Owino akiuza nguo za watoto za mitumba tangu kunapopambazuka, miguu ile ile miwili, na alikuwa anasema akikaa chini wateja wanadhani amefunga.

Siku moja ya Idi, wenzangu watatu walikuja kula. Mama yako aliinama kuweka sinia, gauni likapanda kidogo, mmoja wao akaona. Nami nikataka kuchekesha watu. Nikasema, "Jamaa, siku tukipotea operesheni tutamchukua huyu. Mguu wake iko na ramani yote ya Uganda, mpaka Nile iko ndani." Walicheka sana. Mama yako naye alicheka, akatuwekea mchuzi. Tangu siku hiyo sikuona tena miguu yake mahali penye mwanga. Alivaa magauni ya kuburuza, na soksi nyeusi hata jua liwe kali namna gani. Nilifikiri ni stara ya watu wa Kibuli. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa anajificha kwangu. Ninaona aibu ninapoandika hapa, na hiyo ni moja ya vitu vichache ninavyohisi bado.

Wanawake wa sokoni walimpa dawa zao. Mmoja alisema amevuka kitu kilichotegwa njiani. Mwingine alimpa mafuta ya kuchua. Mwisho alikwenda kwa mama mmoja anayeumika kwa pembe, mtu mzima mwenye mikono safi, akamwonyesha. Yule mama aliangalia akaweka pembe zake chini. Alimwambia, "Hapa sigusi, mwanangu. Hapa nenda hospitali." Mama yako alirudi akanisimulia, akiwa amesimama pale mlangoni, kama mtu anayeomba ruhusa. Sasa sikia nilivyomjibu. Nilimwambia, "Mishipa tu? Hata mimi ninayo. Hiyo ni ya kusimama. Mtu asiye nayo hajawahi kufanya kazi." Akasema haya. Akaenda kupika.

Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Jioni aliniambia miguu mizito, nikasema pole. Usiku alijikuna karibu na kifundo, nikasema mbu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Mama yako hakwenda sokoni kwa sababu alikuwa na harusi ya Kibuli mchana, akaamua kujisafisha vizuri. Alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anasugua visigino kwa lile jiwe lake jeusi. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi. Nikamsikia anaita, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba taulo.

"Baba Rehema. Njoo uone."

Maji yalikuwa mekundu. Hakuwa ameumia, hakuwa amejikata. Juu kidogo ya kifundo, pale ambapo ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na nyembamba, jiwe lilikuwa limepita juu ya mshipa, na mshipa ukafunguka. Damu ilikuwa inaruka kama uzi. Alisema hauumi. Alikuwa anaangalia tu, kama ni mguu wa mtu mwingine.

Rehema, mimi nimefungia watu majeraha ya risasi. Kule kaskazini tulifundishwa na tukafanya, wengine wako hai mpaka leo. Kitu cha kwanza, funga juu ya jeraha, vuta. Kitu cha pili, usimwache majeruhi alale, mzungumzishe. Niliona wenzangu wawili waliolala, na hawakuamka. Kwa hiyo sikufikiri. Nilichomoa mkanda kiunoni, ule wa kijani wa jeshi, nikamfunga juu ya goti, juu ya gauni, nikavuta. Nikamwegemeza ukutani, amekaa pale pale kwenye kigoda, mguu chini.

Damu ikazidi. Nikavuta tena. Ikazidi.

Nalongo, yule jirani yetu wa chumba cha pili, alitoka na shuka. Mama yako akasema, "Baba Rehema, nataka kulala chini." Nikamwambia hapana. Nalongo akasema, "Afande, mama anaomba kurara. Acha arare basi." Nikamwambia, "Nalongo, hii kazi mimi naijua." Mama yako akasema tena, polepole, kwamba anataka kulala chini tu kidogo. Nikamshika mabega nikamzuia. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye. Nilimwambia aniambie majina ya watoto wote wa dada yake. Alianza kuyataja. Alifika kwa wa nne.

Gari la jirani likaja, tukamketisha mbele, katikati yangu na dereva, Nalongo akapanda nyuma. Mguu chini. Hospitali walimpokea, wakamlaza, wakafungua mkanda, na muda huo haikuwa na maana tena.

Nilikuambia kilichomuua ni presha. Niliwaambia Kibuli ni presha. Nalongo alijua sivyo, akanisitiri, na hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Ile siku ulipofika kutoka shule, ukaniuliza kama mama alisikia maumivu sana, nikasema hapana, hakusikia. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Watu walisema nimejikaza kijeshi, lakini haikuwa kujikaza. Unakumbuka nilipong'olewa jino, nikarudi nakunywa chai inamwagika? Shavu unajua ni lako, lakini ukiligusa ni la mtu mwingine. Ndivyo nilivyo, kuanzia Jumamosi ile. Nimekusomesha, nimekaa mbele kwenye mahafali yako, nimekucheka na kukuchekea, na yote nimeyafanya kwa shavu hilo. Usinionee huruma. Nakueleza tu ili ujue sikuwa baridi kwako. Nilikuwa nimekufa ganzi, na hivyo ni vitu viwili.

Yule daktari aliyempokea, mama mmoja mfupi mwenye miwani, aliniuliza siku ile ile nani alifunga mkanda. Nikasema majirani. Umeona? Nalongo amesimama hapo ukumbini na shuka lililolowa, na mimi nasema majirani. Wiki ya tatu nilirudi kumwambia ukweli. Nilitaka anitukane. Badala yake aliniambia, "Mzee, kaa," akachukua karatasi akachora mguu.

Ile karatasi nimeikunja ndani ya barua hii. Aliyoniambia ni haya, na ninakuandikia wewe kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandika ripoti yoyote.

Mshipa ule si ule unaotoka moyoni kwa nguvu. Ni wa kurudisha damu juu, na ndani una milango midogo inayozuia damu isishuke tena. Milango ikichoka, kwa kurithi, kwa mimba, kwa kusimama au kukaa sana, damu inashuka na kutuama, na mshipa unatutumka. Sasa ukifunga juu yake, umeizuia damu isirudi, nayo inatoka pale palipo wazi. Na ukimketisha mtu mguu chini, umeiongezea uzito. Dawa yake ilikuwa kumlaza chali, kuinua mguu juu kupita kifua, na kubana pale pale kwa kitambaa, kwa mkono, bila kuachia na bila kuchungulia kila dakika. Halafu hospitali, akiwa amelala hivyo hivyo. Nilimuuliza, mkono mmoja? Akasema mmoja unatosha.

Kwa hiyo mama yako alikuwa anaomba dawa yenyewe. Aliiomba mara mbili.

Nikauliza kama kabla ya siku ile alikuwa anatibika. Sijui kwa nini niliuliza. Daktari alivua miwani akaifuta. "Alikuwa anatibika, mzee. Mtu anaingia asubuhi, mchana anarudi nyumbani kwa miguu yake."

Sasa tuje kwako. Jumapili ulipanda juu ya stuli kushusha sanduku kutoka juu ya kabati. Mimi nilishika stuli. Nyuma ya goti lako la kushoto niliona nyuzi za buluu, na chini yake, kwenye kigimbi, mmoja mnene uliojikunja. Uligeuka ukaona ninaona. Ukashusha gauni haraka, ukaniambia, "Baba, shika hiyo stuli vizuri." Ulilishusha gauni kama mama yako, kwa mkono ule ule, wala hukufundishwa. Nilishika stuli vizuri, na sikusema kitu. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Watu wa wakala anayekupeleka kazini ng'ambo walikupima damu, mkojo, kifua na mimba. Hakuna aliyekwambia upandishe suruali. Na kazi uliyopata ni ya kusimama kwenye duka la manukato, unatabasamu, na umeniambia mwenyewe hawaruhusu kiti. Sikuzuii kwenda. Ningekuzuia ungekwenda tu, na mimi pia nilikwenda jeshini nilipozuiwa.

Ninachotaka ni mguu huo uonwe na daktari huko, mapema, usingoje mkataba uishe. Uliza kama ile kadi yao ya matibabu inauhusu, na kama hawajui, uliza tena kwa mtu mwingine. Daktari wa kweli atakupima kwanza kwa ultrasaundi, ukiwa umesimama, aone mlango gani haufungi, kabla hajakugusa na sindano. Hizo nyuzi nyembamba peke yake mara nyingi ni za sura tu. Wanazichoma dawa zikafunga, si mara moja, na zinaacha alama kwa muda, na nyingine huweza kuja baadaye. Usishangae na usidhani umeibiwa. Ila kama chini yake kuna mshipa mnene mbovu, kutibu nyuzi na kuuacha huo ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Huo mnene wanaufunga kwa dawa ya povu, au wanapitisha waya mwembamba ndani yake na kuuchoma kwa joto, na zamani walikuwa wanauvuta wote kwa kisu, na mahali pengine bado wanafanya hivyo. Nilimuuliza daktari, ukifunga mshipa damu itapita wapi? Akacheka kidogo. Alisema mishipa mingine ipo, na ule mbovu hata hivyo ulikuwa haufanyi kazi. Ukiwa na mimba, mambo hayo huahirishwa mpaka uzae. Na usikubali mtu wa saluni akuchome chochote, hata awe na koti jeupe.

Soksi za kubana zinasaidia miguu isichoke na isivimbe, lakini haziponyeshi. Lazima upimwe mguu ndipo wakupe saizi, na daktari akubali kwamba mguu wako unaziweza. Usinunue za kukisia. Kazini, pale uliposimama, nyanyuka kwa vidole ushuke, nyanyuka ushuke, hakuna meneja atakayekufukuza kwa hilo. Ukirudi chumbani, lala uweke miguu ukutani. Kwenye ndege kunywa maji, chezesha vifundo, na tembea kidogo hata kama jirani yako amesinzia na inabidi umruke.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma, ukawa wa moto, usimsubiri mtu. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, hapo ndipo usisubiri kabisa, piga kelele wakupeleke. Ngozi ya kifundo ikianza kuwa nyeusi na kuwasha, huyo si mbu. Na ukitokwa damu, mwanangu, lala chini. Lala popote, dukani, barabarani, mbele ya wateja. Inua mguu, bana. Akija mwanamume anayejua kazi yake na mkanda mkononi, mkatalie.

Najua utakavyohesabu. Utahesabu mara alizoomba, utahesabu miaka niliyokudanganya. Una haki. Sikuandika ili unisamehe, na sitajifanya nimebeba zigo ambalo limeniangusha, maana nimekuwa nakula, nalala, nasikiliza habari. Nimeandika kwa sababu mara ya kwanza niliwachekesha watu, mama yako akaficha mguu, mara ya pili nilimwambia ni kusimama tu, na Jumapili nilishika stuli nikanyamaza. Ya nne sitaki.

Nasikia geti. Si wewe, ni Nalongo anatoa majivu. Kesho atakusindikiza mpaka kwenye gari, na nakuomba umkumbatie vizuri, bila kumwambia kwa nini.

Ukifika, pengine hutataka kusikia sauti yangu. Nibipu tu, mara moja, kwenye simu yangu hii ya tochi. Sitapokea. Nitaiacha ilie ikatike, nitajua umefika. Na siku utakapotoka kwa daktari umeonyesha mguu wako, nibipu mara mbili. Siku hiyo nitautoa mkanda wako kwenye karatasi. Siahidi kuuvaa.

Baba yako